Matundu ishirini na nane

Leo nimetoboa keki yangu mwenyewe mara ishirini na nane, kwa makusudi.

Courant haikuwepo, umeme ulikatika. Niliioka kwa sufuria, makala ya moto chini, makala ya moto juu ya kifuniko. Nyinyi wa mtaa wa Mangobo mliosema keki bila four, bila oveni, haiivi, nasubiri mniombe radhi.

Bon. Nyumbani tuko kumi na nne tangu tonton, mjomba wangu seremala, alipokimbia vita huko Kivu na mke wake na watoto watatu. Wiki tatu sasa, kila tukiketi kula anasema, "Siye tulishakula." Watoto wake wanameza mate. Inaniuma, kama vile mimi sina chakula cha kuwapa.

Ndiyo maana nilihesabu: kila mtu kipande kimoja, kila kipande matundu mawili ya kutia pudingi.

Tonton akanikuta natoboa kwa mpini wa mwiko.

"Hata keki nayo walipiga risasi?"

Mke wake akaangalia chini.

Nikamwaga pudingi mpaka matundu yote yakajaa. Ilipopoa, nikampa kisu.

"Tonton, kata wewe. Kumi na nne."

"Ya nini? Siye tulishakula."

"Ukikata tisa, vya sisi bila nyinyi, kisu kitapita kwenye matundu, pudingi itamwagika yote. Utaharibu keki ya watu."

Akaizunguka, akaipima kwa jicho. Akakata kumi na nne, sawasawa kabisa.

Akala chake polepole, akachungulia sufuria tupu.

"Mutoto yangu, kesho unatoboa ngapi?"

Yaleyale, tonton.

Na kwenu, nani anasema "tulishakula"? Mulimufanya aje?