Njia Alizozifunga Bibi

Sisi tuliokulia Uvira wakati baiskeli ilikuwa bado mali ya watu wazima, ramani yetu ilikuwa katika nyayo. Mji wetu ulikuwa mwembamba kama mshipi: huku ziwa, huku mlima, na watu katikati. Mtoto akiuchoka mji alikuwa na mawili tu, kushuka au kupanda, na mimi niliuchoka kila siku. Siku moja Mama alinituma chumvi kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu Kilibula, nikarudi jua linazama, magoti yamejaa udongo mwekundu na chumvi sina.

"Weye mutoto," aliniuliza, "hiyo chumvi ulienda kuitafuta Kalundu?"

Na kweli nilikuwa nimefika Kalundu, bandarini.

Nani kati yenu amesahau ile njia ya kando ya ziwa? Ilinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, tangu mbali. Walianikwa juu ya mchanga mpaka ufuo mzima ukang'aa kama bati jipya, nasi tulipita pembeni kwa adabu ya uongo, tukiokota mmoja mmoja, moto kwa jua, tunatafuna na kichwa chake. Njia ya kaskazini nayo ilipita Kavimvira, pale mpakani, ambapo wabadilishaji fedha walikaa kwenye viti vidogo wakituangalia kwa mashaka.

"Ninyi batoto, munavuka?"

"Hapana, tunatembea tu!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Hawakuwahi kuona mtu anayefika mpakani kutembea tu. Sisi tuliendelea mpaka bonde la Ruzizi linapofunguka, majani marefu kuliko vichwa vyetu, na nyayo za kiboko zimejaa maji kama mabeseni. Wanawake wa kule walitusalimia kwa Kirundi, wakatupa mihogo mitamu mibichi, wakatuambia turudi kwetu kabla kiboko hajatoka kula.

Lakini njia ya njia zote ilikuwa ya mlimani. Ilianzia nyuma ya nyumba za mwisho, ikapanda bila kuomba radhi mpaka shamba la Bibi, mama wa baba yetu. Ukipanda kidogo, joto la ziwa linakuachia shingo. Ukipanda tena, unasikia harufu ya majani yaliyolowa. Ukigeuka, unaona ziwa lote limelala chini yako, na milima ya Burundi ng'ambo kama moshi uliosahauliwa. Wakati wa vakansi, shule zikifungwa, Bibi alitupeleka mbali zaidi, kule Mulenge, yeye na mzigo wa ndagala wakavu kichwani. Alirudi na maharagwe na siagi. Wenye ng'ombe walitupa maziwa yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, tukanywa huku meno yanagongana kwa baridi. Dada yangu mkubwa, Yaya Mapendo, aliapa mbele ya darasa lake kwamba kule ng'ombe wanakojoa barafu. Mwalimu akamchapa, na wenzake wakamwamini.

Bibi alikuwa na sheria za njia, na alizifundisha kama wengine wanavyofundisha katekisimu. Anayetangulia, akifika njia panda, anavunja tawi lenye majani na kulilaza juu ya njia isiyofuatwa. Hiyo ndiyo njia imefungwa. Anayekuja nyuma akikuta tawi halivuki, anashika njia iliyo wazi. Na anayepita mwisho kabisa analiokota tawi na kulitupa kichakani, maana ukiliacha, kesho litampoteza mgeni asiyekuwa wa kwenu.

"Njia haifunguliwi mpaka wa mwisho apite," alisema. "Na wa mwisho akipita, usiiache imefungwa. Njia si ya mama yako."

Kulikuwa na sheria nyingine, ambayo sisi tuliiona ni ushamba mtupu: tawi livunjwe upande wa njia unayoifuata. Usiweke hata unyayo mmoja kwenye njia unayoifunga, kwa sababu nyayo nazo zinasema. Nikikosea, alinirudisha mpaka njia panda nianze upya, Yaya Mapendo akiniimbia kwa nyuma, "Kizurura, rudia! Kizurura, rudia!"

Mama hakupenda mlima. Alizaliwa kwa wavuvi, upande wa Kigongo, na Bibi hakumwacha apumue kwa hilo. "Mukamwana wangu ni samaki," alisema, maana mukamwana ni mke wa mwana. "Ukimupandisha huku, anakufa njiani."

"Na weye Mama, siku utaingia ziwani utazama na kibuyu chako," Mama alimjibu, akimpakulia bugali. Walipendana vile, kwa kuchokozana.

Ndipo vita vikaja. Sisi wa Uvira tunavihesabu kama watu wengine wanavyohesabu watoto: vita vya kwanza, vita vya pili, na vile vilivyofuata bila majina. Nasema habari ya vile vya kwanza. Mvua zilikuwa zimeanza. Baba alikuwa safarini na mashua za mizigo, upande wa Kalemie. Mama alikuwa ameamkia Kavimvira kuuza mawese, na mdogo wetu Bahati mgongoni. Sisi tulikuwa nyumbani na Bibi wakati milio ilipoanza kutoka bondeni, kwanza kama mtu anayepasua kuni mbali, kisha kama wengi.

Watu wengi walishika barabara ya kusini. Bibi alisimama mlangoni, akaangalia barabara, akaangalia mlima, akafunga kanga mara mbili. Akamwachia mjane wa jirani, ambaye miguu yake haikumruhusu kukimbia, ujumbe mmoja tu: "Mukamwana akija, mwambie tumepanda. Nitazifunga njia, afuate zilizo wazi."

Lakini lilikuwepo jambo lililokuwa likimla Bibi, na tulilijua. Mwaka ule alikuwa ameacha shamba la zamani na kufungua jipya, juu zaidi. Mama hakuwahi kufika huko, kwani hakupanda tena tangu mimba ya Bahati. Kwenye njia panda ya juu, mkono wa kushoto ulikwenda shambani. Wa kulia ulikuwa mpana na mzuri kuliko wa kushoto, ukazunguka bega la mlima na kushuka tena bondeni, kule kule bunduki zilikokuwa zinalia. Mgeni yeyote angeuchagua.

Kila tulipofika njia panda, Bibi alivunja tawi. Kwenye ile ya juu alivunja kubwa, na nikamwona akilibonyeza kwa kiganja, kama unavyomlaza mtoto.

Tulifika kwenye kibanda cha shamba. Watu wa Kilibula walikuja nyuma yetu mmoja mmoja, wamebeba masufuria, magodoro, mmoja bata aliyekuwa akilalamika njia nzima. Kila aliyefika Bibi alimwuliza, "Umemuona mama Mapendo?" Hapana. Alasiri akatokea Baba Shukuru, fundi wa baiskeli wa mtaa wetu, mtu mpole ambaye aliomba ruhusa hata kabla ya kupiga chafya. Alikuwa na gurudumu moja begani, sijui kwa nini. Akaweka gurudumu chini, akasalimia wakubwa wote kwa zamu, ndipo akasema kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi:

"Mama, minye ndiyo wa mwisho. Nyuma hakuna mutu tena. Njia nimezifungua zote."

Akasubiri ashukuriwe.

Bibi aliketi chini pale pale, kwenye tope.

"Na ile ya juu?" aliuliza.

"Zote, Mama. Matawi nilitupa mbali kabisa, vile wakubwa walitufundisha."

"Baba Shukuru," alisema Yaya Mapendo, na machozi yalikuwa yameshaanza, "adabu yako itatuulia mama."

Siku nyingine angepigwa kofi kwa kumwambia mkubwa hivyo. Siku ile Bibi hakumtazama. Uso wa Baba Shukuru uliishiwa rangi. Aligeuka akaanza kushuka mbio, ndala zikimruka, na Bibi akainuka akamfuata, na sisi nyuma ya Bibi, hakuna aliyetukataza. Nakumbuka utelezi wa njia ile, na jinsi nilivyosali nikiwa nimekodoa macho, kwa sababu nikiyafumba ningeanguka. Niliahidi Mungu mambo mengi kuhusu chumvi.

Hatukufika hata nusu ya njia. Kwenye kona ya mianzi tulisikia mtu anakohoa, kisha mtoto akilia kwa hasira, na ile ilikuwa hasira ya Bahati. Mama akatokea, kanga imechanika, kidumu cha mawese bado kichwani. Alimtazama Bibi, akamtazama Baba Shukuru aliyekuwa amepiga magoti kwenye tope kama yuko misani, akatua kidumu.

"Ninyi batu ya mulimani," alisema, pumzi zikimkata, "munafungulaka njia na samaki bado iko nyuma?"

Bibi alimshika masikio yote mawili, kama anataka kuhakikisha yameshikana na kichwa. "Umejuaje?" alimwuliza. "Ile ya juu, umejuaje?"

"Nilikuta hakuna tawi. Njia ya kuume iko nzuri, nikataka kuishika. Halafu nikajisemea, huyu mama mukwe ananisumbuaka kila siku na ile sheria yake ya kuvunja upande anaenda. Nikaangalia miti. Kushoto iko kichaka kimoja na kidonda kibichi, utomvu bado unatoka." Akavuta pumzi. "Nikasema, huyo amepita hapa, na amevunja kwa uchungu."

Bibi alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Baba Shukuru alibeba kidumu mpaka juu na hakukubali mtu ampokee. Tangu siku ile Bibi hakumwita Mama samaki tena. Mama alimkumbusha mwenyewe: "Leo hunitukani? Uko mgonjwa?"

Tuliteremka vita vilipopoa, tukapanda vingine vilipowaka. Njia zikabadilika tabia. Tulijifunza kumwuliza mtu anakotoka kabla ya kumpa maji, na safari za Mulenge za ndagala na siagi zikakatika. Sijui wale wenye ng'ombe waliotupa maziwa waliishia wapi. Nikinusa moshi kwenye kibuyu bado nawaza watoto wao, ambao sasa wana mvi kama mimi.

Nimetembea sana tangu hapo, maana kuzurura hakuponi. Mwezi uliopita nilimchukua mwanangu wa mwisho tukapanda. Vijana wa leo, jamani! Tulikuwa hatujamaliza nyumba za mwisho akauliza kama huko juu rezo ya simu iko. Simu yake ikimwambia ageuke kushoto, ataingia ziwani na viatu. Kila kilima alikipiga picha, hakuna alichokinusa. Lakini nisimseme sana. Alinibebea maji, na tulipofika njia panda ya juu aliniona nimesimama, akaiweka simu mfukoni bila kuambiwa.

Bibi amelala kwenye makaburi karibu na ziwa, chini kabisa, yeye wa mlimani. Mama alimfuata. Bahati yuko Bujumbura. Yaya Mapendo alichukuliwa na njia ya wakimbizi, kambi hadi kambi, mpaka nchi ya baridi ambako, ananiambia kwenye simu, barafu ni ya kweli na hakuna ng'ombe hata mmoja. Kila mwaka anasema atarudi.

Njia ya kulia imejaa majani sasa, ya kushoto karibu haionekani. Nilivunja tawi, upande wa kushoto, nikalilaza juu ya ile ya kulia.

Tulipoteremka jioni, mwanangu alikuwa nyuma. Nilikuwa nimemfundisha sheria asubuhi, na kijana wa watu akainama aliokote.

"Mama," aliniuliza, "si minye wa mwisho?"

"Liache," nilimwambia. "Yaya yangu bado hajapita."