Vistari Vitatu kwenye Mkono wa Baridi

Mpaka leo mtu akiniambia mashine haidanganyi, nanuna. Sawa, haidanganyi. Lakini kuna jambo ilikuwa hailijui, na mimi nilikuwa nalijua.

Miaka ile ya tisini viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa Mwanza kila ukigeuka, na hospitali yetu nayo ikaletewa mradi. Mgeni mmoja alikuja na mashine ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono, zenye waya na kibanio cha kidole. Ajali kubwa ikitokea, alisema, msipoteze muda kupapasa watu. Mashine isome mapigo, kisha umfunge majeruhi kitambaa: chekundu aingie kwanza, cha njano asubiri, cheusi ni basi tena. Ikionyesha vistari vitatu hakuna mapigo, funga cheusi. Sisi wauguzi tukaitikia, chai ikaletwa, tukapewa vyeti.

Haukupita muda, lori lililokuwa likirudisha nyumbani wafanyakazi wa kiwanda kimoja baada ya zamu likapinduka karibu na Usagara. Waliletwa mchana kweupe, karibu wote wanawake, bado wamevaa mabuti, wananuka sangara. Mgeni alikuwepo, amenisimamia kichwani.

"Haraka, sista, mashine kwanza."

Nikabana kidole cha mwanamke mmoja aliyelala kimya. Vistari vitatu. Nikajaribu mkono wa pili. Vistari vitatu. Mkono wenyewe ulikuwa wa baridi kabisa. Nikamfunga cheusi, akasogezwa ukutani, nikaenda kwa mwingine.

Kinachoniudhi ni hiki: mdogo wangu alikuwa anakata minofu kiwanda hichohicho, bahati tu siku hiyo alikuwa nyumbani. Kila akitoka kazini alikuwa anakaa kwanza jikoni kwangu kuota moto, maana mikono iliyoshinda kwenye barafu haiwezi hata kumega ugali. Nimeishika mikono ile mara ngapi! Na bado nilikiamini kibanio.

Aliyemwokoa yule mwanamke ni mama mfagizi, alipokuja kuosha damu sakafuni. Aliweka kiganja shingoni mwake, akaniita bila kupandisha sauti.

"Sista, huyu mbona mmemwacha? Anapiga."

Nikakimbia. Damu ilikuwa inavujia tumboni, akaingizwa upasuaji kabla ya wengine wote. Kidogo tu tumkose.

Kesho yake nikamfuata mgeni, nikamwambia mashine yake haiwafai watu wa barafu, haisomi mapigo kwenye vidole vilivyopoa. Akaandika kwenye daftari kwamba majeruhi wawe na mikono yenye joto. Nilitaka kumtukana, lakini aliyefunga kile kitambaa si yeye, ni mimi, na hasira hiyo sijui niipeleke wapi mpaka leo.

Yule mwanamke alipona. Miezi kadhaa baadaye alinifuata wodini, akaniamkia shikamoo ingawa tulikuwa rika moja. Alishika kitambaa cheusi, kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Nimewarudishia kitambaa chenu," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyenifunga. Nashukuru sana, dada yangu. Mungu akubariki."

Akanipa mkono. Ulikuwa wa baridi, kumbe alikuwa amesharudi kazini. Nikakipokea kitambaa, nikamwambia karibu tena. Hakuniuliza kilikuwa cha nini, na mimi sikumwambia.