Maji ya ng'ombe ndani ya moteri ya mashua

Bandugu, ni mimi njo niliharibu moteri ya mashua yetu hapa Sake, na leo wamefukuza kaka Bauma.

Bauma njo alikuwa anajaza maji ya kupoza moteri. Maji ya mvua tu.
Wakati homa ilimulaza wiki mingi, nilimujazia kimya-kimya, juu asipoteze kazi.
Mvua ilikosa. Nikaleta maji ya chumvi ya chemchem ya kule Mushaki. Ng'ombe zinaipenda sana! Nilifikiri itatia moteri nguvu.

Leo Papa mekanisie, mukubwa wetu wa kazi, amefungua moteri.
Tuyo zote za kupitisha maji zimeziba na jiwe nyeupe ya ile chumvi.

Papa akasema: "Bauma, maji ni kazi yako. Enda kwako!"

Bauma aliniangalia, akaenda.
Nikainama, nikakwangua ile jiwe.

Kisha Papa akaniambia: "Kutoka leo, maji ni wewe."

Nikajibu: "Ndiyo, Papa."

Ninyi mungejibu nini?