Mke Aliyeziba Njia ya Shimo

Vinyago vya mawe vya kwetu Tabaka vikipungua Aprili, watu wa mjini husema sisi ni wavivu. Nikisikia hivyo damu inanichemka. Kiangazi mashimo tunayochimba mawe yanakuwa makavu, wanaume wanapandisha mawe kutwa, na uani mtu hana pa kukanyaga. Mvua kubwa ikianza, mashimo yanajaa maji, kuta za udongo zinalegea na kazi inadorora. Uvivu uko wapi hapo?

Jirani yangu Nyanchoka amesugua mawe tangu aolewe. Kwetu mwanamume ndiye anayechimba na kuchonga. Mwanamke anasugua kwa msasa na maji. Mambo ya shimoni si yetu.

Aprili iliyopita Benard, mnunuzi wetu kutoka Kisumu, alitaka vinyago vya viboko wa mtoni, vingi kama vya Januari. Mawe yalikuwa yamekwisha. Obwocha, mwenye shimo, akavuta maji kwa pampu na kuwaamuru wachimbaji washuke. Walter, mume wa Nyanchoka, akatangulia.

Alimkuta mkewe ameketi katikati ya njia ya kushukia, beseni la maji mbele yake, anasugua kiboko.

"Mama Josiah, toka hapo," Obwocha alimwambia Nyanchoka. "Wanaume wako na kazi."

"Hata mimi niko kazini."

"Mama, nitatafuta watu wengine," Benard, aliyekuwa amefuatana na Obwocha, akasema. "Nyinyi mmezoea kulala."

"Tafuta. Hiyo ukuta ikimlalia Walter, hiki kiboko chako kitanisaidia na nini? Rudi Januari, tutakujazia gari."

Walter alimbembeleza, kisha akamfokea mbele ya watu. Nyanchoka akachovya msasa majini akaendelea. Nani angethubutu kumshika mke wa mwenzake? Walter naye aliona haya kumburuta. Kufikia adhuhuri mvua ilishuka tena na kila mtu akaenda kwake.

Ukuta haukuanguka. Benard alipeleka oda yake kwingine, na sokoni wakamcheka Walter kwamba anachungwa na mkewe. Nilikasirika kuliko Nyanchoka mwenyewe.

Jioni moja nilienda kwao kuomba chumvi. Walter alikuwa ameinamia sahani, analalamika: chinsaga tena, hizi mboga chungu kila siku, nyama imekuwa hadithi, na yote ni kwa sababu ya mwanamke mkaidi. Nikamwuliza Nyanchoka anavumiliaje maneno hayo.

"Wacha alalamike," alisema, akimwongezea ugali. "Mimi nataka kumsikia akilalamika mpaka Januari."