Mkwe Aliyeshindwa na Maziwa

Nyumba ya Kipngetich haikuwa na harufu. Miaka ile ya hamsini, ukiingia nyumba yoyote ya Mkipsigis, pua yako ilikaribishwa kabla macho hayajazoea giza: harufu ya vibuyu vilivyosuguliwa ndani kwa mkaa, na ya maziwa yaliyolala humo siku nyingi mpaka yakawa mursik. Kwa Kipngetich ulinusa moshi wa kuni na udongo uliolowa mvua, basi. Wageni walikaa wakinusanusa kama watu waliopotelewa na kitu wasichokijua.

Neno mzio lilikuwa halijafika upande ule. Watu walisema tu kwamba damu ya Kipngetich haisikizani na maziwa. Tone moja, na midomo ilivimba kama ya mtu aliyepigana akashindwa. Kikombe kimoja, na mwili mzima ulitoka mabaka, macho yakafunga duka. Utotoni, alipochunga ng'ombe, wenzake walijikamulia maziwa mdomoni huku wakicheka. Yeye aliketi juu ya jiwe akitafuna mahindi ya kuchoma. Mtoto wa watu wa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wamemkataa!

Alipata afueni alipoajiriwa kwenye shamba kubwa la chai karibu na Kericho, kuchochea moto wa kukaushia majani kiwandani. Kule kambini wanaume wasio na wake walikunywa turungi, chai isiyo na maziwa, kwa sababu maziwa hayakuwepo. Hapo Kipngetich akawa mtu kama watu. Alichovya kiazi chake katika chai nyeusi, na hakuna aliyemuuliza neno. Akadhani amekwisha kuyatoroka maziwa maishani.

Kisha akampenda Chelangat.

Walijuana kanisani, na baba yake Chelangat alikuwa mzee Arap Mosonik wa Kapsoit, mwenye ng'ombe wengi aliowaita kila mmoja kwa jina lake. Chelangat aliposikia habari za turungi alimhurumia mchumba wake. "Maskini," akasema. "Tukioana, utakunywa maziwa mpaka useme basi."

Kipngetich alicheka. Halafu akaanza kuzungumzia mvua.

Ikafika siku ya koito, siku ambayo watu wa mvulana huenda kwa watu wa msichana kupatana juu ya ng'ombe wa mahari. Nyumbani kwa Mosonik pombe ilikuwa imekatazwa tangu mzee aokoke, na heshima yote iliyokuwa ikikaa ndani ya pombe ilihamia ndani ya mursik. Mazungumzo hayangeanza kabla mvulana hajanywa.

"Mursik si maziwa," shangazi yake Rebeccah alimtuliza Kipngetich walipokuwa njiani. "Yalikuwa maziwa. Mkaa umeyaua. Wewe unaogopa maiti?"

"Lowesha masharubu tu," akasema Bethwel, baba yake mdogo, ambaye ndiye angekuwa msemaji. "Ukikataa kibuyu cha Mosonik, umekataa ng'ombe wake. Na ukikataa ng'ombe wake, binti utampata wapi?"

Kipngetich aliwaamini, kwa kuwa alitaka sana kuwaamini.

Mosonik aliomba sala ndefu, kisha akammiminia kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa, kijana. Haya yametoka kwa ng'ombe mweusi, mama wa boma hili."

Nyumba nzima ilimtazama. Mlangoni Chelangat alichungulia akitabasamu. Ni nani angelowesha masharubu tu mbele ya tabasamu lile? Kipngetich alikunywa yote. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomuuma.

Bethwel alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo ili aseme, mdomo wa Kipngetich ulipoanza kuvimba. Shavu likafuata, na jicho la kushoto likafumba kabisa.

"Huyu anafuatwa na kiapo!" akapiga kelele mzee mmoja.

"Ni nyuki," Bethwel akasema haraka. "Alimuuma njiani."

"Nyuki gani huyo," akauliza nyanya yake Chelangat, "anayengoja mtu anywe kwanza?"

Kipngetich aliona hakuna pa kujificha. "Ni maziwa, kogo," akamwambia nyanya huyo, kwa ulimi mzito. "Tangu nizaliwe."

"Ulijua?" akauliza Mosonik.

"Nilijua."

"Na ukanywa?"

"Ningekataaje, mzee?"

Mosonik akaweka kidevu juu ya fimbo, akatazama chini. Wengine hawakuweza kuvumilia kungoja neno lake, wakaanza kubishana nani ana shida kubwa zaidi.

"Mimi ndizi mbivu zinaniwasha koo," akasema Ombati, jirani aliyehamia pale kutoka upande wa Chepilat. "Na kwetu ni ndizi asubuhi, ndizi jioni. Nani amepata shida kama yangu?"

"Mimi nikiumwa na nyuki navimba kama kiriba," akasema yule mzee wa kiapo. "Na ndugu zangu wote wanarina asali!"

"Nyamazeni," akasema kogo. "Nyuki unamkimbia. Ndizi unampa mtoto. Lakini maziwa unapewa na mtu anayekupenda, tena anasimama hapo hapo akingoja umalize. Utakimbilia wapi? Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote."

Chelangat alikuja na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, akambandika usoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Ungeniambia!"

"Nilidhani utanikataa."

"Kwa ajili ya maziwa? Sisi tuna watu wengi wa kuyanywa!"

Hapo Mosonik akainua kichwa. "Mimi maziwa si shida yangu. Mtu anayeficha jambo kama hili, atamficha binti yangu nini kesho?"

Kipngetich alimtazama mzee kwa lile jicho moja lililobaki.

"Sina jingine la kuficha," akasema. "Na nikiwa nalo, mzee, si unauona uso wangu? Huu hauwezi kutunza siri."

Kogo ndiye aliyeanza kucheka. Ombati akafuata, halafu nyumba yote. Mosonik alijizuia mpaka mabega yakamsaliti, akapangusa machozi kwa kiganja.

"Haya, Bethwel," akasema. "Tuongee habari ya ng'ombe. Na huyu apewe uji."

Walioana mwaka ule ule, mvua zilipokatika. Chelangat alikunywa mursik yake kwa mama yake, na kabla ya kurudi alisukutua mdomo kwa makini; wanawake wa kijiji walijua sababu, wakamtania hadi uzeeni.

Kipngetich amezikwa Kapsoit, walikojenga, mkono wa kulia wa kaburi la Chelangat, mahali ambapo mistari ya chai inaishia.