Mti Nilioupanda Mwenyewe Umenipasua Kichwa

Leo nimepasuliwa kichwa kwa sababu ya mti nilioupanda mwenyewe.

Ndiyo, chekeni.

Miaka ya tisini, hapahapa Makere, nilikuwa kibarua wa wapima ardhi. Tuliweka mpaka kuzunguka boma la kale la mwami, mtemi wa Waha, ili nyumba zisije zikalisogelea. Vigingi vya chuma vilipotuishia, nikachomeka vijiti vya muvumu, mti ule wa heshima uliokuwa ukipandwa kwenye maboma ya mwami. Muha mzima nikasahau kwamba muvumu ukiuchomeka tu, unaota!

Sasa vimekuwa miti minene.

Asubuhi nikaanza msingi wangu nje ya mpaka, kihalali kabisa.

Gervas, mlinzi wa boma, akaja na wenzake watatu. Kwanza wakapondaponda tofali zangu zote kwa marungu.

"Unachimba kwenye mti wa mwami!"

"Mwami gani? Huo nimeupanda mimi!"

Rungu likanishukia utosini. Nikamng'ata Gervas mkono mpaka nikaonja damu, sijui yake au yangu. La pili likaniangusha chini ya mti.

Mke wangu akaja mbio, akapiga magoti. Nikajua anakuja kunifunga kichwa.

Kumbe anauomba mti unisamehe.