Ubao Mtupu Juu ya Mlango

Mke wangu huchora mbuzi. Watu wakiniuliza mkeo anafanya kazi gani, hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu ni kwamba kwa miaka kumi na miwili alichora picha za vitabu vya shule, kuku wa kujumlisha na machungwa ya kutoa, mpaka siku moja akasema amechoka na kuku wa kuhesabiwa, anataka mnyama wa kupendwa tu. Akanunua gurudumu la kufinyangia na tanuri kuukuu la umeme. Mimi ni fundi umeme, na tanuri lile nililitengeneza mara tatu kabla halijakubali kuwaka. Siku hizi chumba chetu cha mbele ni karakana na duka kwa pamoja, na kila kikombe, bakuli na sahani inayotoka humo ina mbuzi aliyevaa soksi. Kwa nini soksi, usiniulize. Niliuliza, nikaambiwa nishike nyaya zangu.

Duka lilikuwa na kila kitu isipokuwa jina. Juu ya mlango kulikuwa na ubao uliopakwa rangi nyeupe, mtupu kabisa. Wateja hupita, hurudi, hupita tena, halafu wengine huenda zao moja kwa moja. Fundi viatu wa jirani alichoka kuwaelekeza. Ikawa kwanza huwauliza kama viatu vyao havihitaji kung'arishwa.

Sababu ya ubao ule ni baba mkwe. Alikuwa fundi wa mabango, wa brashi na mkono, kabla mashine za kuchapa hazijaingia. Nusu ya maduka ya mji huu yaliandikwa na yeye, na herufi zake zilinyooka mpaka watu wakadhani anaficha rula mahali. Siku binti yake alipofungua duka, mzee alisimama barabarani, akaupima ubao kwa jicho, akatangaza mbele ya wageni wote, "Bango la mwanangu haandiki mtu mwingine. Nipeni wiki moja." Wiki hiyo ikawa miaka mitatu.

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka mwaka uleule. Hakutuambia. Tuliona, na alijua kwamba tumeona, na nyumba nzima ikakubaliana bila maneno kwamba hakuna aliyeona. Kila alasiri alikuwa akija, akikaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, mkono wa kulia mfukoni mwa koti hata kukiwa na joto la kuivisha mkate. Kazi yake ilikuwa kukosoa.

"Huyu mbuzi soksi kapewa na nani?"

"Na mke wake, baba."

"Basi mke hampendi. Moja fupi, moja ndefu."

Akiletewa chai husema, "Nusu tu, nimetoka kunywa." Huinywa kwa mkono wa kushoto. Hakuwa ametoka kunywa popote. Kikombe kikijaa humwagika, na hilo hakutaka tulione. Mimi nikimtazama nilikuwa naumia, lakini nilikuwa nakereka pia, nisiseme uongo.

Mimi subira sina. Mwezi uliopita nilikwenda kwa vijana wa mashine, nikachapisha bango zuri, lenye mbuzi na namba ya simu, nikalileta nyumbani nikijiona mume wa kupigiwa mfano. Mke wangu akaliangalia, asipige kelele. Bora angepiga.

"Ukilitundika hilo," akasema, "utakuwa umemwambia baba kwamba amekwisha."

"Na duka likifa?"

"Duka nitafungua jingine. Baba nitampata wapi mwingine?"

Nikalisukuma bango nyuma ya kabati.

Wiki iliyofuata tulikuwa na makasha ya vyombo ya kupeleka hotelini, tukamwomba mzee aje asubuhi atulindie nyumba. Tuliporudi hatukumkuta. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ila brashi moja ilikuwa imeoshwa kwa sabuni na ncha yake kunyooshwa vizuri kwa vidole. Sisi hatuoshi brashi hivyo. Mke wangu aliishika kwa muda, akairudisha kwenye kopo.

Kesho yake wakati wa kupanga vyombo tanurini, nilitukanwa na mke wangu. Inabidi nieleze kidogo. Sahani ikishachomwa mara ya kwanza huchorwa, kisha huchovywa kwenye maji mazito meupe ambayo sisi tunayaita uji. Uji hufunika kila kitu, mbuzi na soksi zake, sahani zote zikabaki nyeupe, huwezi kujua ipi ni ipi. Lakini kitako lazima kifutwe uji, la sivyo sahani itagandia kwenye tanuri. Sasa, kulikuwa na moja ambayo kitako chake hakikufutwa.

"Mara ngapi nimekwambia usiguse ndoo ya uji?"

"Sijagusa!"

"Basi imejichovya yenyewe." Akaifuta huku ananung'unika, akaiingiza pamoja na zingine.

Kwa kawaida tunafungua tanuri asubuhi. Safari hii lilichelewa kupoa, tukalifungua alasiri, mzee akiwa kigodani. Alikuwa hajawahi kuwapo tanuri likifunguliwa. Mke wangu akatoa sahani ya kwanza, mbuzi. Ya pili, mbuzi. Nikamwona mzee akikunja uso.

"Hizi si zilikuwa nyeupe?" akauliza.

Kabla hatujajibu, sahani iliyofuata ikatoka, haina mbuzi. Ilikuwa na maneno, kwa rangi ya buluu, yamezunguka ukingo: VYOMBO VYA BINTI YANGU. Herufi zilitetemeka zote. Ya mwisho iliteleza kuelekea chini, pale mkono uliposhindwa kabisa.

Mzee akasimama. "Hiyo niliifuta," akasema. "Niliichovya mara mbili kwenye rangi nyeupe. Ilifutika, niliona kwa macho yangu."

Kwa fundi wa mabango ile ilikuwa ndoo ya rangi nyeupe, basi. Miaka yote hiyo anakaa hatua tatu kutoka hapo, na hakuna aliyemweleza.

"Uji haufuti, baba," mke wangu akasema polepole. "Ukichomwa unakuwa kioo. Kilichoko chini kinaonekana."

Mzee akautoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele yetu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unatetemeka sana, kuliko nilivyodhani.

"Basi mmeona," akasema.

"Tumeona," mke wangu akajibu, machozi yanamtoka na sahani ameikumbatia kifuani ingali na joto. "Hiyo ndiyo niliyoingoja miaka mitatu."

"Hiyo U ya mwisho imelewa."

"Iache ilewe."

 Mzee akanigeukia mimi kwa ukali wa zamani. "Mkwe, umekaa tu? Ngazi iko wapi?"

Sahani haina tundu, kwa hiyo niliifunga kwa waya wa shaba, nikapanda, nikaikaza katikati ya ule ubao mweupe. Yeye alisimama barabarani akiniamrisha, shusha kushoto, pandisha, umezidisha, na fundi viatu akaacha kazi kuja kumsaidia kuniamrisha. Bango la mashine sasa linafunika udongo usikauke.

Tulipoingia ndani, mke wangu akaleta chai, akamimina nusu kikombe kama kawaida yake, akasimamisha birika.

"Jaza," mzee akasema.

Akajaza mpaka ukingoni. Mzee akakishika kikombe kwa mkono wa kulia, akakiinua. Chai ikamwagika mezani, ikamwagika kwenye koti. Hakuna aliyeinuka kutafuta kitambaa.